Swichi ya Besi na Sauti ya Dulcie Pell

Vijana wangu wa kamera, video yenu ya kwaya ya Pasaka nimeitazama mara tatu. Picha ni safi, sikatai. Mmemnasa hata inzi aliyetua kwenye mimbari. Lakini wale wazee wanne wa besi, ambao wakiimba viti vinatetemeka, kwenye video yenu wanalia kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Nilipouliza, mmoja wenu alinijibu kwa Kiingereza kwamba ukumbi ulikuwa na mvumo wa kiyoyozi, kwa hiyo alibonyeza kitufe cha kusafisha sauti. Alisema kwa fahari, kama mtoto aliyeosha vyombo bila kuambiwa.

Kitufe hicho nakifahamu. Babu yake alikuwa swichi nyeusi ya chuma, na kwa swichi hiyo nilimwibia mwanamke sauti yake. Nilimfanya achekwe kwa zaidi ya miaka ishirini na watu wasiomjua, huku binti yake yu hai anasikia. Mlikuwa mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu ya zamani kwenye karakana ya filamu pale Seven Hills, nami nikawa nawazungusha. Sasa nimekubali. Someni mkiwa mmekaa, na masikioni mvitoe hivyo vijiti vya muziki.

Kwanza mjue ni nani anayewafokea. Nilitoka shule kidato cha pili, Nakuru, na si kwa kukosa karo. Nilifuata gari. Lilikuwa gari la sinema la kampuni ya sabuni, lililozunguka mitaani na vijijini likionyesha filamu kwenye ukuta mweupe, na katikati ya filamu sabuni. Nililifuata kwa miguu mpaka Njoro kwa sababu nilitaka kujua picha inatoka wapi. Dereva alipochoka kunifukuza, akanipa kazi ya kubeba betri. Tangu siku hiyo sijatulia mahali. Nimepika melini, nimechuma zabibu, nimepanga maboksi kwenye bohari kule Minto, na nimeacha kazi mbili nzuri kwa sababu tu nilikuwa nimeshazielewa. Ni moja tu iliyonishika, miaka ishirini na miwili, nayo ni kutengeneza na kunakili filamu kuukuu. Hiyo sikuwahi kumaliza kuielewa.

Kwenye gari la sabuni niliwahi kuchanganya mikanda. Filamu ilikuwa na rili nne, nami nikaweka ya nne kabla ya tatu, hivyo shujaa akazikwa, kisha akaoa. Hakuna aliyelalamika. Baada ya mwezi tukarudi kijiji kilekile nikaionyesha kwa mpangilio wake, wakanirushia magunzi ya mahindi wakisema nimeharibu hadithi. Nilijifunza kwamba watu wakishasikia jambo mara ya kwanza, kwao hilo ndilo sahihi, na anayekuja kusahihisha ajiandae kwa magunzi.

Sasa kazi yenyewe. Hapa Sydney wapo watu wenye shahada za filamu wasiojua kwamba filamu ina pande mbili. Upande mmoja umepakwa utando wa picha, mwingine ni plastiki tupu. Kwenye chumba cha giza utajuaje? Unagusa kwa mdomo wa chini. Upande unaonata ndio wenye picha. Nilimwonyesha hivyo kijana mmoja kutoka chuo kikuu, akaniuliza kama hakuna kifaa cha kupimia. Nikamwambia kipo, na alizaliwa nacho.

Na sauti je? Kando ya picha, katikati ya picha na matundu yanayoshikwa na meno ya mashine, kuna mstari mwembamba kama punje ya mchele. Huo ndio sauti. Unapita mbele ya taa yenye mwanya mdogo sana, weusi na weupe wake unafanya mwanga ucheze, jicho la umeme linausoma ule mchezo, spika inasema. Basi. Mwanya ukikaa vibaya kidogo tu, unaanza kusoma matundu pamoja na maneno. Kila picha ina matundu manne, na kila sekunde zinapita picha ishirini na nne, kwa hiyo matundu tisini na sita. Mtasikia mvumo mzito chini ya maneno yote, kama jirani mwenye friji mbovu.

Filamu kuukuu husinyaa na kujikunja, mstari wake hauko tena pale ulipowekwa, kwa hiyo mvumo huo ulikuwa mgeni wetu wa kila siku. Mezani kulikuwa na swichi ya kuufukuza. Ukiishusha, sauti zote nzito zinakatwa. Mvumo unatoweka, na chochote kizito kilichokaa karibu nao kinatoweka vilevile. Swichi haijui tofauti ya friji na baba yako.

Aliyenifundisha aliitwa Vic, mzee wa hapahapa mwenye nyusi kama brashi ya viatu, ambaye hakunisifu hata siku moja. Sheria yake ilikuwa kwamba rili ikifika, uisikilize yote ikiwa chafu, huku mkono wako wa kulia umeukalia, ili usiguse kitu kabla hujajua ulichonacho. Hakuwa akitania. Alikuwa akipita nyuma ya viti kuangalia nani amekalia mkono na nani hajakalia.

Vic ndiye pia aliyenifundisha kupaka wino kwenye viungo. Filamu ikikatwa na kugundishwa, pale penye kiungo spika hupiga kelele kama kuku aliyekanyagwa. Unapaka pembetatu ndogo ya wino mweusi juu ya mstari wa sauti, na kelele inazimika taratibu. Pembetatu za Vic zilikuwa fupi na kali. Zangu zilikuwa ndefu mno, kiasi kwamba mtu kwenye filamu alisikika kama anameza mate katikati ya sentensi. Vic alisema pembetatu zangu angezitambua hata akiwa kaburini. Nilidhani ni matusi yake ya kawaida.

Wiki moja Vic akiwa likizo, ziliingia rili sita za filamu ya Dulcie Pell.

Nyinyi hamwezi kumjua, na wanaosema wanamjua hawamjui. Aliigiza filamu tatu tu, zote hapa Sydney, enzi ambazo sinema ilikuwa imejifunza kusema juzijuzi. Ya kwanza ilikuwa bubu. Ya pili alipewa maneno mawili matatu. Ya tatu aliibeba mwenyewe, kama msichana wa shamba la kondoo, na baada ya hapo hakuonekana tena. Rili zile sita zilikuwa nakala pekee iliyojulikana ya ile ya tatu. Zilikuwa zimejikunja kama ngozi iliyoanikwa juani na zinanuka siki. Mteja alitaka kazi Ijumaa, na bosi aliitaka Alhamisi ili aonekane hodari.

Jumatatu nilikuwa nimenakili matangazo ya zamani ya mbolea yenye mvumo wa kutisha, na swichi ya besi nilikuwa nimeishusha. Jumanne nikamweka Dulcie Pell. Swichi ilikuwa bado chini. Hamwezi hata kusema nilikosea katika kuamua, maana sikuamua. Niliisahau, kama mtu anavyosahau taa ya choo. Mkono sikuukalia, rili sikuzisikiliza zikiwa chafu. Nikamwona mwanamke mwenye mabega ya kubeba kondoo wawili akifungua mdomo na kutoa sauti ya kipanya, nikacheka peke yangu mpaka nikaegemea meza. Kumbe ndiyo maana hakuendelea, nilisema. Kwa hiyo wa kwanza kumcheka ni mimi, na wa kwanza kutunga ule upuuzi uliofuata ni mimi.

Mwanzo wa rili ya pili ulikuwa umejikunja hadi mashine ikautema mara tatu. Nikakata kama mita tano, nikaunga, nikapaka pembetatu yangu ndefu, nikaendelea. Kipande sikukitupa. Nina ugonjwa wa kuokota, na nilikuwa na mkebe wa biskuti wa vipande kama hivyo, ambavyo nilijidanganya nitavichunguza siku moja. Mteja alipokea nakala, akaridhika, akasema rili zenyewe zitupwe kwa sababu ya harufu. Zikatupwa. Vic aliporudi aliuliza wiki ilikwendaje. Nikasema salama.

Nakala yangu ikaingia duniani. Ikaonyeshwa kwenye televisheni, ikatiwa kwenye kanda, mwishowe ikafika huko mtandaoni mnakoshinda nyinyi. Na wataalamu wakaishukia kama nzi. Mmoja alieleza mbele ya ukumbi uliojaa kwamba Dulcie Pell ni mfano halisi wa mwigizaji aliyeuawa na kipaza sauti. Mwingine aliandika kurasa nyingi kuhusu kile ambacho wembamba wa sauti ile ulifichua juu ya wanawake wa enzi zile. Kurasa nzima, vijana, juu ya swichi! Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini kwenye filamu hiyo hata fahali analia kama mbuzi. Walikuwa na shahada, walikuwa na miwani, na mbele yao fahali analia me-e-e.

Msidhani najitoa kundini. Hadithi hiyo nami niliisimulia kwenye chai, miaka mingi, hadi karakana ilipofungwa, Vic akafariki, nami nikastaafu hapa Doonside na mkebe wangu wa biskuti.

Zawadi mnamjua, yule dada wa Bukavu anayeanzisha nyimbo. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee si mbali na kwangu. Mwaka jana, Jumapili moja baada ya ibada, alinishika mkono pale kwenye maegesho.

"Papa Ndegwa, wewe ulifanyaka kazi ya masinema, si ndiyo? Kule ku kazi kuko mama moja, mama yake alikuwa star. Kila siku yake ya kuzaliwa wanamuwekea ile filme, watu wanacheka, yeye analia. Anasema ile haiko sauti ya mama yake. Wanasema kichwa yake inaanza kupotea."

Akafungua simu kunionyesha. Alikuwa Dulcie Pell, mlangoni, mikono kiunoni. Akasema sentensi moja kwa sauti ya kipanya, akameza mate katikati ya ya pili, akaendelea.

Niliomba airudishe. Akarudisha. Alimeza tena, palepale. Nilikuwa naisikia pembetatu yangu, na nilipoijua pembetatu nikajua na wiki, na siku, na matangazo ya mbolea. Nikajua swichi ilikuwa wapi. Jua lilikuwa kali, watoto wenu wanapiga mpira katikati ya magari, nami nikahisi kama mtu aliyekutwa na nguo za wizi mwilini.

"Papa, uko mgonjwa?"

Nikamwambia yule mama hajapotea kichwa. Nikamweleza kwa kifupi. Zawadi si mtu wa kubembeleza. Akasema nije nimwambie mwenyewe, tena upesi, kwa sababu mwezi ule mama alikuwa amepelekwa hospitali mara mbili na moyo wake umechoka.

Nikaenda Jumatano. Yule mama, Bi Joan, ana miaka themanini na kitu, mfupi, masikio mazito, ulimi mwepesi. Alinipima kutoka viatu hadi kofia akaniuliza kama mimi ni mtaalamu mwingine. Nikasema hapana, sikumaliza hata shule. Akasema basi nikae.

Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka saba. Alikuwa na kawaida ya kumlaza binti yake kifuani, Jumapili asubuhi, huku akisoma gazeti kwa sauti, na Bi Joan alisema sauti ile haikupita masikioni, ilipita kwenye mifupa. Ilikuwa kama lori linalopita mtaa wa pili, hulioni lakini vikombe vinajua. Alikuwa na kipande cha gazeti la wakati ule ambamo mwandishi aliisifu sauti nzito ya mama yake. Mtaalamu mmoja alikisoma akatabasamu, akamwambia kampuni za filamu zilikuwa zikiwalipa waandishi. Na kwa nini mama yake aliacha kuigiza? Kampuni ilikufa. Ilitengeneza filamu tatu, hazikuuza, mwongozaji akaenda kuuza magari na Dulcie akaenda kuuza vitambaa dukani, na kwa vitambaa alikuwa hodari kuliko kwa filamu. Basi. Hadithi hiyo wataalamu hawaitaki kwa sababu haina mtu wa kuchekwa ndani yake.

Alisema mumewe alicheka. Wanawe walicheka. Sasa ameishi na kipanya kile miaka mingi kuliko miaka aliyoishi na mama yake, na yeye mwenyewe ameanza kutokuwa na uhakika.

"Niambie jambo moja tu," alisema. "Nakumbuka, au nimejitungia?"

Hapo ndipo mwanamume mwenye haya angesema, ni mimi niliyefanya. Mimi nilisema anipe wiki mbili. Zawadi alinisindikiza hadi mlangoni bila kuniangalia.

Sasa sikilizeni, hapa kuna fundisho la kazi. Nilikuwa na mkebe, na ndani yake mita tano za Dulcie Pell ambazo swichi haikuzigusa kwa sababu mashine ilizitema. Mita tano ni sekunde kumi na moja. Zilikuwa zimejiviringisha kama ganda la mti. Nilizilaza siku nne chini ya Biblia kubwa na betri ya gari, na sijui kati ya hivyo viwili kipi kilisaidia zaidi. Karakana ilipofungwa nilikuwa nimeokota kichwa cha kusomea sauti, yaani ile taa, mwanya wake na jicho lake, kilichokuwa kikienda kwenye takataka. Mashine ya kuivuta filamu sikuwa nayo. Nikanunua cherehani kuukuu ya umeme kwenye duka la mitumba, nikatoa mota na pedali, nikafunga kigurudumu cha mpira, nikaketi gerejini kama fundi nguo.

Shida ni mwendo. Ukiikanyaga pedali taratibu, mwanamke anasema kama askofu. Ukiikanyaga kwa nguvu, kipanya kinarudi. Nilikaa pale na mguu wangu nikaelewa kwamba naweza kumtengenezea Bi Joan mama yeyote anayemtaka. Anataka lori? Nampa lori. Angefurahi, angelala usingizi, hakuna ambaye angejua. Na ningekuwa nimeiba mara ya pili, safari hii kwa kukusudia.

Nilizunguka gereji siku mbili nikitafuta kitu cha kupimia mwendo. Kisha nikakumbuka mgeni wetu wa kila siku, yule tuliyekuwa tukimfukuza kwa swichi.

Matundu, vijana. Matundu tisini na sita kila sekunde, si tisini na tano. Filamu ikisinyaa, matundu yanasinyaa nayo, lakini hayapungui idadi. Nikausogeza mwanya kusudi, uchungulie matundu kidogo huku ukisoma sauti. Mvumo ukaja. Nikawasha kwenye simu ile programu ya kupimia nyuzi za gitaa, inayokuonyesha namba. Ikisoma tisini na sita, huyo ni Dulcie Pell. Ikisoma nyingine yoyote, huyo ni mguu wangu. Nilivuta kipande kile mara thelathini na zaidi, kinanuka siki mpaka macho yanatoka machozi, hadi nikapata mara moja ambayo namba ilitulia tangu mwanzo hadi mwisho. Uchafu niliokuwa nimeusafisha miaka yote ile ndio uliokuwa shahidi pekee. Vic angecheka mpaka akohoe.

Nilirudi kwa Bi Joan siku ya kumi na mbili, asubuhi baada ya chai. Zawadi akafunga mlango akabaki ndani. Nilikuwa na spika ndogo, ya ukubwa wa kopo la maziwa. Nikaanza kueleza habari za mwanya na matundu, Bi Joan akanyoosha mkono nimpe. Kwa kuwa masikio yake ni mazito, hakuiweka sikioni. Aliilaza kifuani, chini ya shingo, akaifunika kwa viganja viwili.

Nikabonyeza.

Kwanza mvumo. Halafu mlango unafunguliwa. Halafu mwanamke, hana haraka, anasema: "Vua viatu, Tom. Nimepiga deki sasa hivi." Na anacheka. Huo ndio urithi wote, deki na viatu. Lakini lilikuwa cheko la chini kabisa, la mtu mwenye kifua, na kijiko kilichokuwa kwenye sahani ya kikombe cha Bi Joan kikalia kidogo.

"Tena," alisema.

Nikarudia. Akataka tena, na tena. Mara ya tano alifumbua macho akamtazama Zawadi, si mimi.

"Lori," alisema.

Zawadi, ambaye alikuwa amewasimulia watu wote wa jikoni habari za lori lile, akageukia dirishani.

Ndipo nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Nikamwambia habari za matangazo ya mbolea, swichi, likizo ya Vic na mkono nisioukalia. Nikamwambia hakuna aliyemharibu mama yake ila mimi, na kwamba rili zenyewe zilitupwa, na sekunde hizi kumi na moja ndizo zote zilizobaki. Alisikiliza akiwa bado ameishika spika kifuani.

"Na wewe ulicheka?"

Nikasema nilikuwa wa kwanza.

Bi Joan akasema kwamba katika maisha yake amewachukia watu wengi kwa ajili ya jambo hili, kampuni ya filamu, mwandishi wa gazeti, yule mtaalamu, mumewe, na siku fulani hata Mungu. "Kumbe ni mzee wa Doonside asiyekumbuka kuzima vitu."

Nilikuwa na jambo moja la kumpa, nikalitoa. Nikamwambia siku hizi mvumo unaweza kutolewa kwa uangalifu mkubwa bila kugusa sauti, na kwamba kanisani kwetu kuna vijana wenye mashine za kisasa. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa tuioshe maiti ya mama yake kwa mara ya pili.

"Usiguse kitu," alisema.

Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa mwezi uliopita, na aliamuru nialikwe. Keki ilikuwepo, wanawe wawili wenye mvi walikuwepo, na wafanyakazi, na mtu mmoja wa mambo ya filamu ambaye familia ilimwita. Msimamizi akawasha televisheni, tayari kwa kipanya cha kila mwaka. Bi Joan akachukua rimoti akaizima. Akaomba watu wanyamaze, akaweka spika juu ya meza ya mbao katikati ya vikombe, akabonyeza mwenyewe. Mvumo. Mlango. Viatu, deki, cheko. Vijiko vikaitikia.

Hakuna aliyecheka. Mwanawe mkubwa aliketi. Msimamizi alisema ni maajabu. Ndipo yule mtu wa mambo ya filamu akakohoa, akasema ni nzuri, ni nzuri sana, ila kuna mvumo pale chini unasumbua kidogo, je, hakuna mtu anayeweza kuuondoa?

Bi Joan akageuza kichwa taratibu mpaka akanipata.

"Ndegwa," alisema, "waambie."

Wote wakanigeukia, na uma za keki zikiwa hewani. Nikavuta kiti, nikaukalia mkono wangu wa kulia, nikaanza na Jumatatu ya mbolea.